Pumzi ya Mgeni

1

"Haiji tena, mama," mfamasia alisema, na alilisema kwa sauti ya chini, kama anayetoa habari za msiba.

Atuganile Ngole alikuwa ameweka pampu yake tupu juu ya kaunta. Ilikuwa pampu ya pumu ya rangi ya bluu, ile ile ya miaka yote. Alikuwa ameteremka kilomita kumi na moja kutoka ukingo wa Ihela kuja kuchukua nyingine. Safari hiyo alikuwa akiifanya kila baada ya miezi miwili kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na hakuwahi kuifikiria zaidi ya anavyofikiria kununua chumvi.

"Haiji wiki hii?"

"Haiji kabisa. Viwanda vimefunga. Ile gesi inayosukuma dawa imepigwa marufuku dunia nzima. Wanasema inapasha joto anga. Majokofu walishayabadilisha, magari walishayabadilisha, sasa wamefika kwenye pampu."

"Kwa hiyo niliyebaki napasha joto anga ni mimi."

Kilasi, mfamasia, alicheka kwa adabu. Alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na katika miaka hiyo yote hakuna siku aliyokosa kumuuliza kifua chake kinaendeleaje. Alimpa kiboksi cha dawa ya unga. Haina gesi, alimweleza. Mgonjwa anauvuta unga kwa nguvu zake mwenyewe. Atuganile alitaka kumuuliza mtu aliyekabwa nguvu hizo anazitoa wapi, lakini akapokea.

Unga ulidumu siku nne. Kosa halikuwa la unga. Kosa lilikuwa la mahali alipokuwa anaishi.

Tangu mito ya chini ilipokauka, mji wa Lwangu ulikuwa unakunywa ukungu. Juu ya ukingo wa Ihela zilisimamishwa nyavu mia mbili, kila moja ukubwa wa ukuta wa nyumba. Ukungu ulipopita asubuhi uliacha matone kwenye nyuzi. Matone yaliteremka kwenye mfereji, mfereji ukamimina kwenye matangi, na matangi yakashusha maji mjini. Nyavu zilihitaji mtu wa kukwangua ukoga na kushona palipochanika. Kazi hiyo ilitaka mtu mmoja, na Atuganile alikuwa mtu mmoja. Alikuwa huko juu mwaka wa kumi na tisa.

Siku ya nne, mbele ya wavu wa arobaini na tatu, kifua kilibana. Alitoa kiboksi, akavuta, hakikuja kitu. Akakifungua. Unyevu wa ukungu ulikuwa umeingia ndani na unga wote ulikuwa umeshikana. Alikaa chini, akaegemeza viwiko kwenye magoti, akapigania hewa kidogo kidogo kwa muda wa dakika arobaini. Alipoweza tena kusema maneno mawili mfululizo, alimpigia Kilasi simu.

"Unga wako," alisema, "umekuwa ugali."

Mashine ya mvuke nayo ilitaka umeme mwingi, na paneli za kule juu zilikuwa chini ya ukungu nusu ya mwaka. Ikabaki njia moja tu, na hiyo ilikuwa kitufe.

2

"Una mume?" aliuliza nesi Oliva Mbwilo, macho kwenye kioo chenye fomu.

"Aliondoka."

"Pole. Watoto?"

"Sikujaliwa."

"Ndugu wa karibu?"

"Nilikuwa na dada. Alikwenda mwaka ule wa homa."

"Rafiki mnayepigiana simu?"

Atuganile alitafuta jibu kwa uaminifu kabisa. "Kilasi wa duka la dawa. Ila hiyo ni kwa sababu ya pampu."

"Vizuri sana," alisema nesi Oliva, na uso wake ukang'aa. "Mashine imepekua simu zako za miaka kumi. Ni Idara ya Maji, duka la dawa, na mtu mmoja aliyekosea namba mara tatu. Mama, sijawahi kuona fomu safi namna hii."

Ilikuwa mara ya kwanza upweke wake kusifiwa. Akasema asante.

Nesi alimweleza. Kitufe kilikuwa kidogo kuliko kifungo cha shati na kiliwekwa chini ya mfupa wa bega. Kazi yake ilikuwa kuunganisha vifua viwili. Upande mmoja anakuwa mgonjwa, upande wa pili anakuwa mtu mzima wa afya aliyejitolea, anaitwa mwenzi. Mgonjwa akikabwa, kitufe kinachukua mwendo wa pumzi ya mwenzi kama ulivyo, shwari, na kuupitisha kwenye mishipa ya mgonjwa mpaka misuli ya kifua ifuate na njia ya hewa ifunguke. Dawa ndiyo hiyo. Hakuna gesi wala unga. Ni pumzi ya mtu.

"Na yeye anapata nini?"

"Anachoka. Dakika tatu au nne anahema kama aliyepanda kilima, kisha yanaisha. Anajua hivyo, na ameweka sahihi."

"Ni nani?"

Nesi Oliva aliacha kuandika. "Hilo ndilo usilouliza, mama yangu. Mwanzoni tulijaribu mume na mke. Tukajaribu mama na mwanawe. Mmoja akikabwa, mwingine anahisi na anashtuka, roho inamwenda mbio, na pumzi yake yenye hofu ndiyo inayokwenda kwa mgonjwa. Walikuwa wanakabwa wawili badala ya mmoja. Anayekupenda hawezi kutulia wakati wewe unakata roho. Mgeni anaweza."

"Kwa hiyo inafanya kazi kwa mtu asiyenijali."

"Kwa mtu asiyekujua," nesi alisahihisha. "Mkijuana, tunafunga. Na foleni ya wenzi ni miaka miwili. Tunapima utulivu wenu mwezi wa nne, kisha kila mwaka. Ukishuka, tunafunga vilevile. Kwa pumu yako ilivyo, miaka miwili bila kitu..." Alimgeuzia fomu ili aweke kidole gumba.

Aliweka.

3

Nesi alikuwa amemwambia kwamba hata asipokabwa atahisi kitu, kwa sababu kitufe hudundadunda kidogo mchana ili mwili wake uizoee pumzi ya mwenzake. Hakumwambia kwamba atakizoea hivyo.

Siku za kwanza ilimkera. Alikuwa anakwangua ukoga, na pale chini ya mfupa kulikuwa na mtu anapumua. Wiki ya pili alijua kwamba mtu huyo hupanda mahali fulani kila asubuhi, ngazi au kilima, na kwamba hupuliza moto kabla ya saa moja: mipulizo mifupi mitatu, kimya, mipulizo miwili. Atuganile akawa anawasha jiko lake saa hiyo hiyo. Hakuwa na sababu. Alijiambia kwamba ni vizuri kula mapema.

Mtu huyo alikuwa anacheka. Hilo hakulitegemea. Kicheko kilikuja kama mdundo wa haraka usio na mpangilio, na mara ya kwanza kilimkuta ameshika sindano na uzi mbele ya nyavu, akajikuta naye anatabasamu peke yake kwenye ukungu. Baadaye akakasirika, kwa sababu mtu hachekeshwi na ukuta. Mwenzake alikuwa na watu. Aliona wivu, na alijua ni wivu, na hakujisingizia kitu kingine.

Alipokabwa kwa mara ya kwanza na kitufe kikafanya kazi yake, alilia. Hakulia kwa maumivu. Alikuwa anakata roho, kifua kimefungwa kabisa, mara ikaja pumzi ndefu isiyo yake, haina haraka, ikamchukua na kumpitisha. Baada ya pale alihisi upande wa pili unahema. Alisema "samahani" kwa sauti, akiwa amekaa kwenye majani yaliyolowa, akamwambia mtu asiyeweza kumsikia.

Alhamisi ya wiki ya tano, saa kumi jioni, pumzi ilibadilika. Ikawa ndefu sana, kisha mvuto mmoja, kisha ndefu tena. Atuganile alitua beseni la ukoga chini. Aliijua pumzi ya namna hiyo. Hiyo ni ya mtu anayeimba kwa noti.

Alisikiliza kwa mfupa wa bega, kama mtu anavyosikiliza ukutani. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili. Na pale, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angevuta pumzi, upande wa pili ukavuta: kidogo, haraka, katikati ya neno. Atuganile aliketi.

Zamani, kabla ya nyavu, aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wa Lwangu. Mwalimu wao alikuwa Lukelo Sanga, mwanamume mrefu mwenye masihara, aliyetunga mwenyewe na kuandika noti ubaoni, na kila mahali pa kuvuta pumzi aliweka mkwaju mdogo, kimstari kilicholala upande. Ubao ulikuwa mzee na ulikuwa na mchubuko. Sopranu waliokaa kulia waliona kwamba ni mchubuko tu. Sauti ya pili walikaa kushoto, upande wa dirisha, na mwanga ukaufanya mchubuko uonekane mkwaju. Wanawake saba wakaunakili kwenye madaftari. Ilipofika zamu ya kuimba, wote saba walilikata neno "nyumbani" katikati, wakavuta pumzi, wakalimalizia. Mwalimu Lukelo alisimamisha kwaya akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Acheni hivyo hivyo," alisema alipopata sauti. "Siku tukipotezana tutajuana kwa hilo."

Wakaacha hivyo. Kila mwanamke aliyejiunga na sauti ya pili alifundishwa kukata pale, na baada ya miaka michache hakuna aliyekumbuka kwa nini. Hakuna kwaya nyingine duniani iliyoimba wimbo ule, na hakuna watu wengine waliokosea namna ile.

Atuganile aliondoka kwenye kwaya hiyo baada ya mashindano ya jimbo. Alikabwa jukwaani, akakohoa mbele ya watu wote mpaka wimbo ukaanguka, na wakawa wa mwisho. Hakuna aliyemlaumu. Walimpa maji, wakamshika mkono, wakazungumza mambo mengine njia nzima ya kurudi. Hilo ndilo lililomuuma. Wiki iliyofuata hakwenda mazoezini, na wiki iliyofuata tena hakwenda, kisha tangazo la kazi ya nyavu likatoka.

Sasa mtu wa sauti ya pili alikuwa anamwimbia ndani ya mfupa. Alikuwa mtu aliyekuja baada yake, asiyemjua, aliyekaa kwenye benchi lile lile upande wa dirisha. Kwa mwezi mzima Alhamisi na Jumamosi saa kumi zikawa ndizo siku zake. Alisimama mbele ya nyavu na kupumua pamoja na kwaya nzima, na alifurahi kwa namna iliyomtia aibu.

Kisha, Jumamosi moja, ukungu wa baridi ulimkaba katikati ya wimbo, na kitufe hakikuuliza ruhusa. Kilichukua. Atuganile alihisi mstari mrefu wa upande wa pili unakatika kama uzi. Alipata hewa. Na yule mwingine, mbele ya wenzake, alikuwa anahema.

Alijua vizuri sana hali ile ilivyo.

Baada ya hapo alianza kukizima. Ukikibonyeza kwa kidole mpaka uhesabu kumi, kinalala. Alizima Alhamisi, akazima Jumamosi, akakaa ndani na shuka mdomoni mpaka saa kumi na mbili. Nesi Oliva alipiga simu.

"Kitufe chako kinazimika, mama."

"Nakuwa nafua."

"Hakidhuriki na maji. Ukikabwa kimezimwa, sisi huku hatuna namna ya kujua. Usicheze."

Hakuwa anacheza. Alhamisi ya tatu alikabwa kimezimwa. Alijikaza. Alihesabu mpaka mia mbili na kitu, vidole vikaanza kufa ganzi, macho yakaingia giza pembeni, na mwishowe mkono wenyewe ulikwenda ukabonyeza. Roho ni roho. Kitufe kiliamka na kuchukua pumzi kwa pupa, nyingi kuliko siku zote, na upande wa pili wimbo haukuendelea tena jioni ile.

Alikaa sakafuni akakata shauri. Mashindano ya jimbo yalikuwa wiki tatu mbele. Atakwenda kanisani, amjue mtu huyo, amwambie kwa mdomo wake: nenda kwa nesi ukajitoe. Alijua maana yake. Wakionana, kitufe kinafungwa, na yeye anabaki na miaka miwili na ukungu. Na alijua jambo la pili, ambalo hakulipenda: kwamba hakuwa anakwenda kwa wema mtupu. Alitaka kuiona sura. Alitaka mtu mmoja duniani ageuke aseme, kumbe ni wewe.

4

Kanisa la Lwangu lilikuwa vile vile, ila bati lilikuwa jipya na nyuma yake kulikuwa na tangi kubwa la maji. Maji yake mwenyewe, alifikiri Atuganile. Ameyakusanya tone kwa tone. Alisimama kati ya tangi na ukuta, kando ya dirisha ambalo kioo chake kimoja kilikuwa kimetoka. Ndani walikuwa wameanza.

Alikuwa amepanga kuingia mlangoni na kusema shikamooni. Alifika hatua tatu kutoka mlangoni, akasikia sauti ya pili inakata "nyumbani" katikati, na miguu ikamgeuza yenyewe ikampeleka nyuma ya tangi. Alijitukana. Akaendelea kusimama pale.

Wimbo ulifika mahali ambapo kwaya nzima huguna kwa midomo iliyofungwa na mtu mmoja wa sauti ya pili hubeba mstari wa tatu peke yake. Pumzi ilijaa chini ya mfupa wake, na wakati huo huo, kupitia dirishani, ikatoka sauti. Ilikuwa nene kidogo, yenye mkwaruzo, sauti ya mwanamke aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo. Atuganile hakuitambua. Kwa zaidi ya miezi miwili alijua mtu huyu anapuliza moto saa ngapi, na sauti yake ilikuwa ngeni kabisa.

"Rudieni kuanzia mwanzo," alisema mwalimu wa kwaya, ambaye hakuwa Lukelo tena, na wakarudia.

Akina mama wa usafi walikuwa wamekusanya majani ya misonobari upande wa pili wa uwanja. Mmoja wao akayatia kiberiti. Upepo haukuwa na ubaya na mtu. Uligeuka tu, ukaleta moshi nyuma ya tangi. Atuganile alikuwa na muda wa kusema "hapana" moyoni, na kifua kikajifunga.

Ndani, mguno ulianza. Mstari wa tatu ulianza. *Na aliyechelewa njiani...*

Ukakatika hapo.

Hewa iliingia kwa Atuganile, safi, ndefu, yote. Alishika ukuta. Dirisha lilikuwa usawa wa kichwa chake upande wa kushoto, umbali wa shibiri mbili. Mle ndani, sasa hivi, kulikuwa na mwanamke mmoja kati ya saba aliyeshika kifua chake. Hakuwa na haja ya kumuuliza mtu. Kugeuza shingo tu.

Mguno haukukatika. Wenzake walikuwa wanaushikilia wimbo wakimsubiri, mwalimu bila shaka anapunga mkono hewani, na pale katikati kulikuwa na tundu. Atuganile alilisikia tundu lile kwa mwili mzima. Miaka kumi na tisa iliyopita alikuwa amelitoboa yeye mwenyewe, na hakuna aliyeliziba.

Hakugeuza shingo. Alifumba macho, na pumzi aliyokuwa nayo, ambayo haikuwa yake, akaiimba.

*...mwekeeni nafasi.*

Sauti ilitoka na kutu. Ilitetemeka katikati, ikashika njia, na mwishoni akaishusha taratibu kama ilivyoandikwa kwenye daftari lake. Mguno ulizimika wote kwa mpigo.

"Nani huyo?" aliuliza mwalimu wa kwaya.

Kiti kilikwaruza sakafu. Mtu alicheka kwa mshangao. Hatua zilianza kuelekea mlangoni, na Atuganile hakuwa na pa kwenda, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na tangi na mbele yake kulikuwa na moshi.

Ndipo ikasemwa na ile sauti yenye mkwaruzo, ikihema, maneno mawili mawili:

"Mwacheni. Mwacheni tu. Tuendelee."

Hatua zilisimama. Baada ya kitambo mwalimu alitoa noti, na wakaanza upya. Atuganile alizunguka kwa nyuma ya vyoo vya usharika, akaruka mfereji kwa umri wake ule, na hakusimama mpaka barabara kuu.

5

Jioni ile mdundo wa kitufe haukuwa sawa. Ulikwenda, ukasita, ukaenda mbio. Atuganile alilala na mkono juu yake, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa wavuni. Mwanamke yule alikuwa amesikia wimbo ukimaliziwa papo hapo pumzi yake ilipochukuliwa, na sasa alijua kwamba upande wa pili si mashine. Ni mtu mwenye sauti, aliyesimama nyuma ya tangi, anayejua wimbo wao. Ukishajua hivyo unawezaje kutulia? Amejiharibia mwenyewe, alijiambia. Amekwenda kumwambia ajitoe, na kwa kukosa ushujaa wa kusema amefanya jambo baya zaidi.

Jumapili ya mashindano alifanya kitu ambacho hakuwahi kufanya. Alimpigia Kilasi simu, akamwomba. Hakutaka dawa, alitaka kukaa dukani kwake, penye umeme, na mashine ya mvuke mbele yake, tangu asubuhi mpaka mashindano yaishe, ili akibanwa asimnyang'anye mtu. Kilasi hakuuliza sababu. Alifungua duka siku ya mapumziko, akamwekea mto kwenye kiti, akakaa kwenye kiti kingine akisoma gazeti la wiki iliyopita. Saa sita na robo kitufe kilianza kuimba. Kilifika mstari wa tatu, kikapita, kikafika mwisho bila kukatika. Atuganile alifunika uso kwa barakoa ya mvuke, ambao hakuwa anauhitaji, ili Kilasi asimwone.

Siku tisa baadaye kilikuwa kipimo cha utulivu.

Nesi Oliva alimketisha, akamfunga nyaya, akamletea chupa yenye hewa ya baridi. Ingemkaba kidogo, kwa makusudi. Upande wa pili hakuna aliyeambiwa saa. Mstari mwekundu kwenye kioo ungekuwa pumzi ya mwenzi, na ukivuka alama ya juu, basi tena.

"Uko tayari, mama?"

Hakuwa tayari. Alivuta.

Kifua kilifunga. Mstari mwekundu uliruka juu, ukaenda juu zaidi, na Atuganile aliona nesi ananyoosha mkono kuelekea swichi. Alitaka kusema subiri, lakini hakuwa na hewa ya kusemea. Mstari ulifika kwenye alama, ukatetemeka pale pale. Kisha ukashuka. Ulishuka polepole, kwa makusudi, namna mtu anavyoshuka anapojishikilia mwenyewe. Na ile pumzi ndefu ikaja, ikamchukua Atuganile ikampitisha.

Nesi Oliva alirudisha mkono. "Umepita kwa tundu la sindano," alisema. "Sijawahi kuona mtu akishtuka hivyo halafu akatulia. Kwa kawaida wakishashtuka hawarudi." Alisogeza kioo. "Haya, na yeye alishajibu fomu yake jana. Amekubali kuendelea. Ameandika na maoni. Kanuni inasema nikusomee, mradi hakuna jina wala mahali." Alikunja uso. "Ila hayana maana. Labda amechanganya fomu."

"Soma tu, mwanangu."

"*Mwisho wa mstari wa tatu haushuki, unapanda.*" Nesi aliinua macho. "Mstari gani? Fomu yenyewe ina mistari miwili."

Atuganile aliweka kiganja juu ya kitufe, akafumba macho. Nesi alidhani kipimo kimemchosha, akamletea maji, na mama akayanywa yote.

"Na mimi nina nafasi ya maoni?"

"Ipo, lakini wagonjwa hawaandikagi. Na hayatafika kwake mpaka kipimo kijacho, mwaka ujao mwezi kama huu."

"Nipe."

Aliandika kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu kwenye kioo kana kwamba ni karatasi: *Wakati wetu ulikuwa unashuka, na ndivyo ulivyo.* Alisoma tena, akaona hakuna jina wala mahali, akarudisha.

Njia ya kurudi Ihela ilikuwa ndefu, na hakuna mtu aliyekuwa anamsubiri kule juu. Mwaka mzima kwa jibu la mstari mmoja ni muda mrefu, na angeupitisha peke yake kama alivyopitisha mingine. Lakini alikuwa na hakika kabisa kwamba mstari ule unashuka, na sasa alikuwa na mtu wa kubishana naye.